Maboksi Niliyoyapiga Tiki

Kazi ya kupima vifaa katika duka lile nilipewa kwa sababu sikuwa na pupa. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Malindi kama babake, alikuwa amewajaribu wawili kabla yangu. Mmoja alipima redio kwa kuitikisa karibu na sikio. Mwingine alikuta kila kitu kizima, kila siku, ili aondoke mapema. Mimi nilikaa na taa moja ya kuchaji tangu asubuhi, naiwasha, naizima, naiwasha, naizima, hata baada ya adhuhuri ikagoma. Nikaipeleka kaunta.

"Mzee, hii itamfia mtu mkononi mwezi haujaisha."

Aliigeuzageuza, akacheka, akanipa kipande cha chaki na meza iliyokuwa uani chini ya bati. Tangu siku hiyo boksi halikupanda rafuni mpaka niwe nimelipiga tiki. Lisilofaa nililikata kwa mistari miwili iliyopishana, nikaliweka pembeni lirudi lilikotoka.

Chaki ile niliionea fahari kuliko ilivyostahili. Niliacha shule nikiwa darasa la nane. Baba alikuwa kibarua wa chumvi Gongoni. Alipofariki, mama alitulea kwa shamba dogo upande wa Magarini, naye akafariki kabla miaka miwili haijatimia. Tulikuwa wanne, mimi ndiye mkubwa. Ndugu za baba na za mama walikuja na shauri la kutugawana, kila nyumba mtoto mmoja. Lilikuwa shauri la huruma, sisemi vingine. Nilisimama mbele ya watu wazima waliokaa mkekani, nikasema tutabaki pamoja.

"Mkila nini?" mjomba mmoja akaniuliza.

Sikuketi. Nilisimama pale mpaka wakachoka kunitazama.

Tukahamia Malindi mjini, Kisumu Ndogo, chumba kimoja, baadaye viwili. Nilifua nguo za watu, nikauza maandazi, nikaosha vyombo katika hoteli moja, mpaka duka lile likanichukua. Anayenifuata kwa kuzaliwa ni mwanamume. Huyu tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua vitu aone ndani mna nini. Alipofika umri wa kazi nilimpeleka kwa fundi mmoja wa umeme aliyeheshimika mtaani, mtu mkavu wa maneno, ambaye leseni yake ya serikali ilitundikwa ukutani ndani ya kioo kama picha ya harusi. Mdogo wangu alimfuata fundi huyo miaka mitano. Mwaka ninaousimulia alikuwa amebakiza kitu kimoja tu ili aombe leseni yake mwenyewe: sahihi ya mwalimu wake katika fomu, kuthibitisha kwamba amefanya kazi chini yake na anaaminika. Fomu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro langu. Nilikuwa nikiitoa mara kwa mara na kusoma jina lake.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukiishi na umeme katika kiwanja chetu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kulikuwa na nyumba sita na mita moja ya tokeni, umeme unaolipiwa kabla. Waya ulitoka kwenye mita ukapita nyumba hadi nyumba juu ya boriti, na kila mmoja akaunga wake. Waya ukiharibika, ilitakiwa swichi kubwa izimwe kwanza. Lakini mmoja wa jirani zetu alikuwa mjane mwenye friza, akiuza barafu na juisi ya ukwaju iliyogandishwa, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia azimiwe friza saa nzima kwa ajili ya soketi ya mtu mwingine. Kwa hivyo tulikuwa tukingoja tokeni ziishe. Zikiisha, kabla mchango haujakusanywa na nyingine kununuliwa, palikuwa na saa moja hivi au mbili ambapo waya wote umekufa wenyewe. Ndiyo iliyokuwa saa ya fundi. Sauti ikipigwa uani, "Tokeni zimeisha!", mwenye swichi mbovu alitoka mbio kumtafuta mdogo wangu. Hakuna aliyemuudhi mwenzake. Tuliona ni adabu.

Basi zikaja sola za kuchomeka. Mzee alizipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, maboksi kumi. Sola tulizozizoea zilitaka fundi, betri kubwa na waya zake mbali. Hizi zilikuwa paneli ya kuegemeza juani, kiboksi cha chuma, na waya mrefu wenye plagi. Plagi hiyo unaichomeka katika soketi ya nyumba kama unavyochomeka pasi, ila pasi hunywa umeme na hii huumimina ndani. Nyumba nzima inapata, bila kutoboa ukuta.

"Zipime vizuri, binti," mzee akaniambia. "Watu watazigombania hizi."

Nilizipima siku mbili. Paneli niliiweka juani, plagi nikaichomeka katika ekstensheni iliyotoka ukutani, na kando yake nikachomeka taa. Kisha nikazima swichi kubwa ya uani, kama vile umeme umekatika. Nilijiambia mtu wa Malindi ananunua sola kwa jambo gani, kama si kwa siku umeme unapopotea? Sola iliyoacha taa ikiwaka niliipiga tiki. Sola iliyozimika papo hapo pamoja na swichi niliikata. Sita zilizimika. Nne zilibaki zinawaka, imara kabisa, na nakumbuka nilisimama nikizitazama kwa raha.

Sita zile zilikuwa na karatasi nyeupe iliyobandikwa mgongoni, maandishi madogo, alama na namba, na kitabu ndani. Nne zangu hazikuwa na kitu isipokuwa picha ya nyumba na jua linalocheka. Hilo nililiona. Nililiona na halikunisimamisha.

"Mbovu sita kati ya kumi?" mzee alishika kichwa. "Yule bwana wa Mombasa amenifanya mtoto."

Zile nne ziliondoka juma lile lile. Ya kwanza aliinunua jirani yetu wa barafu, na mimi ndiye niliyemchagulia. Nilimbebea mwenyewe hadi nyumbani, nikamwegemezea paneli juu ya bati la choo ambako jua lilikuwa jingi.

"Nimekuletea ile bora, mama," nilimwambia.

Jumapili moja baadaye, saa tisa alasiri, tokeni ziliisha. Friza ya jirani ikanyamaza, redio zikanyamaza. Kama kawaida yetu kila mtu akachomoa vitu vyake, kwa kuogopa umeme ukirudi kwa kishindo. Mzee wa nyumba ya mwisho alikuwa na waya uliotoa cheche usiku uliotangulia. Mdogo wangu akachukua koleo na ngazi. Mimi nilikuwa kibarazani nikichambua mchicha, na niliwasikia wakitaniana.

"Fundi, leo ni bei ya jirani au bei ya mtalii?"

"Bei ya mkwe, mzee. Si unaye binti?"

"Ninaye. Ana miaka hamsini na hasira zake."

Watu walicheka. Kisha ukaja mlio mfupi, kama gunia la mchanga limetupwa, na ngazi ikaangukia ukuta. Nilipofika alikuwa chini, macho wazi, kiganja cha kulia kimekuwa cheusi katikati, mkono umepinda pasipo kiungo. Hakulia. Alikuwa akirudia neno moja.

"Umo. Umeme umo."

"Umo vipi na tokeni zimeisha?" mtu akamjibu. "Ameteleza huyu."

Mwingine, kijana wa nyumba ya tatu ambaye hana ubaya ila mdomo, akasema, "Amekwenda kuutengeneza waya, waya umemtengeneza yeye." Wawili watatu walicheka, halafu wakaona uso wangu.

Nilikimbia kwa jirani wa barafu kutaka kitambaa safi. Nilipoingia, upepo ulinipiga shavuni. Feni yake ilikuwa ikizunguka.

"Chukua kanga ile kwenye kamba," alisema, akihangaika kutafuta viatu vyake. "Masikini mtoto! Usishangae feni, ni sola yako hiyo. Friza inaizidi nguvu, naichomoa kwanza, kisha sola inarudi yenyewe. Wallahi imenifaa. Nyumba zote kimya, kwangu upepo."

Nilielewa hapo hapo, nikiwa na kanga mkononi. Umeme uliokuwa ukizungusha ile feni haukuwa na ukuta wa kuuzuia. Ulitoka katika soketi ya mjane, ukapanda kwenye boriti, ukapita nyumba kwa nyumba, ukamngoja mdogo wangu juu ya ngazi. Niliinama nikaichomoa plagi.

"Mbona?"

"Imepata moto kidogo, mama. Usiichomeke mpaka niitazame."

Niliogopa. Sina neno lingine.

Tulimpeleka hospitali kwa tuktuk. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Kiganja kilipona polepole, lakini vidole viwili vya mwisho havikujikunja tena. Siku ya nne mwalimu wake alikuja kumtazama nyumbani. Alikataa chai. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Ulipima?"

"Tokeni zilikuwa zimeisha, Fundi."

"Sikukuuliza tokeni. Ulipima?"

"Sikupima."

"Na waya ulikuwa na umeme."

"Ulikuwa nao."

"Ulitoka wapi?"

Mdogo wangu alitazama bandeji yake. "Sijui."

"Miaka mitano, na unaniambia hujui." Yule mtu alisimama. Hakupandisha sauti. "Kuna wanaosema uliteleza ukatunga habari ya umeme. Sitaki kuamini hilo. Lakini sahihi yangu siwezi kuiweka kwa mtu ambaye amepigwa na hajui amepigwa na nini. Nitamweleza nini anayekuja kuniuliza?"

Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Nilijua umeme ulitoka wapi. Ningeweza kusema kwa sentensi moja. Nilimwekea mdogo wangu uji, nikamsindikiza mgeni hadi njiani, nikamwambia asante kwa kuja.

Nilinyamaza siku tisa tangu aanguke. Nilijitafutia sababu. Nilisema nitapoteza kazi na wadogo watakosa chakula, na hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa sababu yenyewe. Tangu siku ile ya mkekani, wadogo zangu walikuwa na mtu mmoja tu wa kumwamini bila kuuliza. Sikutaka kumwona mmoja wao akiuliza.

Siku ya tisa nilirudi kutoka kazini nikamkuta ndugu yangu akimpa mdogo wetu wa mwisho, msichana aliye kidato cha tatu, koleo lake na bisibisi zake zikiwa zimefungwa kwa kitambaa.

"Viuze hivi, ununue vitabu," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Plasta ikitoka nakwenda Gongoni, dada. Chumvini hawaulizi sahihi. Hata baba alianza hivyo."

Kesho yake nilichukua kitabu kimoja kutoka katika yale maboksi sita niliyoyakata, nikakileta nyumbani chini ya kanga. Kilikuwa kwa Kiingereza. Nikaweka rula chini ya mstari kama tulivyofundishwa, nikasoma neno kwa neno, na nilipokwama nilimwita binti wa kidato cha tatu. Tulifika ukurasa wa nne.

"Inasema hivi," alieleza. "Umeme wa laini ukiondoka, kifaa hiki kitajizima chenyewe mara moja, kwa usalama wa watu wanaoshughulika na waya. Na plagi ikichomolewa, vyuma vyake havitabaki na umeme."

"Soma tena."

Alisoma tena. Akanitazama. "Ni nini, dada?"

"Soma tena."

Nilikuwa nimevipima vifaa vile kwa uangalifu wote niliojaliwa, na nimevipima kinyume.

Nilitaka uhakika kabla ya kufungua mdomo. Niliomba ruhusa ya nusu siku nikaenda katika ofisi moja ya serikali inayohusika na mambo hayo, nikiwa na picha za maboksi ya aina zote mbili katika simu. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mafua yamemshika. Aliikuza ile picha yenye karatasi nyeupe.

"Hii ina alama ya ubora na namba. Namba hii unaihakikisha kwa simu, usiiamini kwa macho tu, maana alama watu huzichapisha. Na hii nyingine?"

"Haina kitu."

"Basi haikupaswa kuwa dukani." Alipenga kamasi. "Lakini sikiliza, usije ukaenda kumwambia tajiri wako kwamba zile zenye alama auze kama mkate. Kifaa kinachomimina umeme katika waya ulioungwa na mita ya kampuni ya umeme kinataka kibali cha kampuni, kwa maandishi, na kifungwe na fundi mwenye leseni. Nyumba ngapi zinatumia mita yenu?"

"Sita."

Aliweka simu mezani. "Sita. Na mnafanyaje waya ukiharibika?"

Nilimweleza desturi yetu ya kungoja tokeni ziishe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika.

"Kuna mtu ameumia?" aliuliza.

"Ndugu yangu."

"Nani aliyempa jirani kifaa?"

"Mimi," nilisema, na hapo ndipo niliposema kwa mara ya kwanza kwa sauti.

Mzee wa duka nilimkuta akihesabu shanga za tasbihi, duka halina mtu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Kwanza alikasirika.

"Wateja wanataka hizo hizo zisizozima! Nimeulizwa na watu kumi tangu Jumatatu."

"Ndizo zilizomchoma mdogo wangu, mzee."

Aliiweka tasbihi juu ya kaunta. Anamjua mdogo wangu. Ndiye aliyemfungia taa za uani bila kudai chochote ila chakula cha mchana.

"Nenda ukazichukue zote nne," alisema hatimaye. "Kila mtu nitamrudishia chake. Lakini kimya kimya, binti. Sema kuna kasoro ya kiwandani. Hakuna haja ya kutangaza mitaani."

Lilikuwa jambo jema alilolisema, na jepesi. Maboksi yangerudi, kazi ningebaki nayo, na hakuna ambaye angeumia tena. Ila ndugu yangu angebaki kuwa mtu aliyeteleza akatunga habari.

"Tatu nitazichukua kimya kimya," nilimwambia. "Ya kwetu sitaweza."

Alinitazama kama mjomba alivyonitazama siku ile ya mkekani. "Kama ni kutangaza, basi tangaza na jina la duka langu na la mtu wa Mombasa. Usijibebeshe peke yako."

Duka nililitaja. Mtu wa Mombasa sikumtaja, kwa kuwa tiki haikuwa yake.

Nilizipata zile tatu kwa siku mbili. Ya kinyozi wa Gongoni, ya mwalimu wa Magarini, na ya mwenye vyumba vya kupangisha hapa mjini, ambaye alinitukana kwanza kisha akanipa soda. Halafu nikaenda kwa yule fundi. Nilimwomba aje kiwanjani Jumapili, nikamwomba na jirani wa barafu, na watu wa nyumba zote, tuache tokeni ziishe zenyewe.

Ziliisha saa tisa na nusu. Watu walikuwa wamejaa uani, wengine wamekaa juu ya ndoo. Mdogo wangu alisimama mlangoni kwetu, mkono kifuani, hajui nimewaitia nini. Nilimwomba jirani wa barafu anisamehe, nikaichomeka sola yake katika soketi yake, friza ikiwa imechomolewa. Kisha nikatoka nikamwambia fundi:

"Pima pale alipoangukia."

Alipanda mwenyewe. Aliweka testa kwenye waya, na kile kitaa kidogo cha ndani ya mpini kikawaka. Aliitoa, akaiweka tena. Kikawaka.

"Tokeni zimeisha kweli?" aliuliza akiwa juu.

"Zimeisha!" walijibu watoto, na kijana wa nyumba ya tatu akakimbia kwenye mita kuhakikisha, akarudi akiitikia kwa kichwa.

Nikaingia, nikaichomoa. Fundi akapima, kitaa hakikuwaka. Kimya. Nikachomeka mojawapo ya zile sita nilizozikata, niliyokuja nayo kutoka dukani, kwa sharti kwamba yeye abaki juu na testa yake. Akapima. Kimya.

"Hiyo mbovu," alisema mzee wa nyumba ya mwisho. "Haifanyi kazi."

"Hapana, mzee," nilisema. "Hiyo ndiyo nzima. Inajizima umeme wa laini usipokuwepo, ili isimuue mtu. Mimi ndiye niliyeiona mbovu. Mimi ndiye niliyeipiga tiki ile nyingine dukani kwetu nikamletea mama hapa, nikamwambia ndiyo bora. Ndugu yangu hakuteleza. Alisema umo, na ulikuwemo."

Jirani wa barafu alijishika mdomo. "Ina maana mimi nilikuwa nakula upepo na mtoto..."

"Si wewe, mama. Ni mimi."

Kijana wa nyumba ya tatu aliyazungusha macho yake kila upande isipokuwa mlangoni kwetu. Mwishowe akaenda pale, akasema kitu kwa sauti ya chini. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa mara moja. Nadhani alikuwa akiomba radhi.

Fundi alishuka, akafuta mikono kwa suruali.

"Kosa lake liko pale pale," alisema mbele ya watu wote. "Waya haufi kwa sababu tokeni zimeisha. Waya umekufa ukishaupima. Nilimfundisha hivyo. Na ninyi, mwenye friza atazimiwa friza, kazi ikifanywa. Barafu si roho ya mtu." Kisha akamwendea mdogo wangu. "Lakini sasa najua ulichokutana nacho. Mkono ukifunguka uje kazini. Fomu utaniletea nikishakuona unapima bila mimi kukutazama."

Nilifikiri yamekwisha. Nilisimama nikingoja mdogo wangu aje kwangu, na alikuja.

"Ulijua lini, dada?"

Ningeweza kutaja kitabu, au ofisi. "Siku ile ile. Nilipokwenda kuchukua kanga."

"Siku ile ile." Alikuwa akinitazama moja kwa moja. "Fundi alipokuja, ulikuwa pale na uji."

"Nilikuwa pale."

"Uliniacha nijibu sijui."

Aliingia ndani. Alikuwa amejilaumu wiki mbili bila kupandisha sauti hata mara moja. Sasa hakunisemesha karibu miezi miwili. Alikula nilichopika, akaosha sahani yake, akatoka. Wadogo walitembea kati yetu kama watu wanaopita mahali penye maji yamemwagika. Sikumwomba afupishe. Niliona ni haki yake kuchukua muda alioutaka.

Mwenye duka hakunifukuza. Zile nne alizivunja mwenyewe kwa nyundo uani, akihema, kisha akaniambia sasa nipime kwa karatasi kwanza, halafu kwa mkono. Ninafanya hivyo. Kila kifaa chenye plagi nasoma mgongo wake, naitafuta namba kwa simu, na kama kinamimina umeme namwambia mnunuzi habari ya kibali na leseni kabla hajauliza bei. Wengi huondoka. Wengine hunicheka: "Dada, unauza au unafukuza?" Mzee husikia, na huendelea na tasbihi yake.

Mdogo wangu alirudi kazini na vidole vinane vinavyofanya kazi. Mwaka uliofuata fundi alidai fomu. Niliitoa chini ya godoro nikampa, naye akaipokea, akasema asante, dada. Ilikuwa siku nyingi hajaniita hivyo.

Mwezi uliopita soketi ya jikoni kwetu ililegea. Nilizima swichi kubwa mwenyewe, nikatia kufuli, ufunguo nikauweka mfukoni, jirani wa barafu akaguna kidogo kama anavyoguna siku zote. Nikarudi jikoni.

"Nimeshazima," nilimwambia.

Alisema, "Haya." Akatoa testa, akatoka hadi mtaa wa pili kwenye kibanda cha mwenye kuchaji simu kuijaribu kwanza penye umeme, aone kama bado inawaka. Akarudi, akaiweka kwenye tundu moja la soketi, la pili, la tatu. Akayarudia upya yote matatu. Hakunitazama, wala hakuwa na hasira. Nilisogeza sufuria apate nafasi ya kukaa, nikangoja amalize kupima.